Samli Kwenye Tangi la Tukutuku

Januari Maige alikuwa na neno la kumwambia binti yake Limi, na neno lenyewe alikuwa amelibeba mwaka wa pili sasa. Alishalisema peke yake porini akitafuta ndama, akalisema kisimani, akamwambia hata mbwa. Mbele ya Limi mwenyewe aliishia kuuliza, "Kuku umewafungia?" Sasa muda ulikuwa umemwishia. Ilikuwa Julai ya mwaka 1956, na asubuhi hiyo Limi alikuwa anaondoka kwa treni ya saa tatu, kutoka stesheni ya Shinyanga mpaka Tabora, kusomea uuguzi miaka mitatu. Kutoka kwao Mwalugesha mpaka stesheni ni maili kumi na tano. Lori la pamba lilikuwa limepita jana yake na dereva alikubali kumchukua, lakini Januari alikataa katakata. Aliapa mbele ya majirani kwamba mtoto wake hatakalia magunia pamoja na wapakiaji wakati baba yake ana chombo. Angempeleka mwenyewe kwa tukutuku, wawili tu, na njiani angelisema lile neno.

Basi jua halijatoka, chombo kikasukumwa nje ya nyumba, na chombo kikagoma kuwaka.

Ngoja nikueleze tukutuku lenyewe, usije ukafikiria pikipiki hizi unazoziona. Lilikuwa baiskeli. Baiskeli nyeusi nzito, yenye pedeli zake na keria yake, ila juu ya gurudumu la mbele palifungwa injini ndogo, haizidi chungu cha mboga. Chini ya injini palikuwa na kigurudumu cha kusugua tairi. Unapiga pedeli mpaka upate mwendo, unashusha wenzo, kigurudumu kinagusa tairi, injini inakohoa, inashika, unapumzisha miguu. Ikiwa imependa. Ikiwa haikupenda, unabaki unapiga pedeli na mzigo wa chuma usoni kwako, na watu wanakuangalia.

Alilinunua kwa Mzungu mmoja fundi wa mitambo aliyekuwa anahama Geita, kwenye mgodi wa dhahabu. Januari alitoboa miamba kule chini miaka kumi na mmoja, akatoka na vumbi kifuani ambalo halikutoka tena. Akipiga pedeli nusu maili tu, anashuka, anakaa kando ya njia, anahema mpaka macho yanamtoka. Kwa hiyo usimcheke kwa kupenda injini. Alilinunua kwa sababu ya pumzi. Haya, na kujionyesha kidogo, tusidanganyane.

Baridi ya Julai kule Usukumani si mchezo. Mavuno yameshatoka shambani, hakuna kinachozuia upepo, unakuja moja kwa moja kutoka mashariki unaingia kwenye mifupa. Ng'ombe zizini walisimama wamebanana. Wazee wa kijiji walikuwa wameshakaa kwenye shikome, pale panapowashwa moto wa wanaume, wamejifunika mablanketi mpaka masikioni. Kutoka pale waliona kila kitu, na hilo lilimkera Januari kuliko baridi.

Hakuwa mzembe, nakwambia. Mafuta aliyachagua vizuri. Alikuwa na madebe mawili. Moja la petroli ya dukani mjini, jingine aliuziwa na dereva mmoja wa barabara ya Mwadui, kwa bei ya kirafiki mno. Januari akamwaga tone la lile la dereva nyuma ya kiganja. Likatulia pale, linang'aa, linateleza. Akanusa. Mafuta ya taa! Nusu nzima mafuta ya taa! Akamtukana dereva na ukoo wake wote, akaliweka debe kando. Akamwaga tone la petroli ya dukani: baridi kali ya ghafla, kisha ngozi ikakauka kama hapakumwagwa kitu. Hiyo ndiyo petroli. Akaimimina kwenye tangi kwa faneli, akichuja kwa kitambaa, akajiona fundi.

Kosa lilikuwa kwingine. Injini za namna ile hazina mahali pake pa oili. Oili unaichanganya humohumo kwenye petroli, la sivyo chuma kinakula chuma. Na oili ilikuwa imemwishia tangu mwezi wa tatu. Unajua alifanya nini? Alikwenda kwenye kibuyu cha mkewe, akachota samli, akaiyeyusha, akaichanganya na petroli. Alijiambia mafuta ni mafuta, na nyumba ya Msukuma itakosa vyote lakini samli haikosi. Na kumbe lilikwenda! Machi nzima, Aprili nzima, jua likiwaka, tukutuku lilikwenda likinuka maandazi, watoto wanalikimbilia nyuma. Akaona ameshinda wenye maduka. Asubuhi hiyo ya Julai alichota samli ileile, akaiyeyusha jikoni, akaitia, akatikisa tangi, akapanda.

Akapiga pedeli kutoka mlangoni mpaka zizini. Akashusha wenzo. Kh-kh-kh-kh. Kimya.

Akarudi. Kh-kh-kh. Kimya. Akafunga choki. Akafungua choki. Akaenda mara ya tatu, ya nne, na ya tano alifika zizini akalalia usukani, kifua kinapiga mluzi.

"Baba Limi," mkewe Bernadina alisema akiwa mlangoni, amejitanda kanga mbili, "si ina pedeli hiyo? Mpakie mtoto muende taratibu."

"Taratibu! Kwa kifua hiki? Unataka nife njiani pale Ibadakuli?"

"Basi twende kwa miguu wote. Tukianza sasa..."

"Mama Limi, niache! Unanichanganya. Ni plagi tu."

Akafungua plagi kwa spana. Akaipuliza, akaikwangua kwa msasa, akaipitisha kwenye makaa ili ipate moto, akaunguza vidole, akairudisha. Kh-kh-kh. Mzee mmoja kule kwenye shikome akauliza kwa sauti kama mnyama yule amekula nini jana. Wenzake wakacheka. Januari akasikia masikio yanamwaka moto, na baridi yote ile.

Muda wote huo Limi alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la bati, amevaa gauni la bluu na sweta aliyopewa na masista wa shuleni kwake, mikono imefichwa kwapani. Hakusema kitu. Ndivyo alivyokuwa mbele ya baba yake. Shikamoo baba, maji ya kuoga tayari baba, usiku mwema baba, basi.

Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa ndiye anayemwandikia baba yake barua zote, maana Januari kalamu haijui, na wakati wa kuandika walicheka mpaka Bernadina anawauliza wanachekea nini. Kisha akaja mfugaji mmoja tajiri, mtu mzima mwenye wake wawili, akamtaka. Januari akamtoa Limi shuleni kwa masista, akapokea ng'ombe, akawaingiza zizini. Waliingia jioni, weupe, wanene, kijiji kizima kikaja kuwatazama. Siku tatu baadaye Limi akatoroka, akarudi kwa masista kwa miguu, akakataa kurudi. Ng'ombe wakarudishwa mchana kweupe, wenyewe wakiwaswaga wakiimba nyimbo za dhihaka. Na Januari, kwa aibu na hasira, akasimama mbele ya umati akasema kwa sauti kubwa: "Mimi sina mtoto wa jina hilo."

Limi alikuja kuisikia kauli hiyo. Nani asingempelekea habari kama ile? Krismasi iliyopita mama yake alimfuata akamrudisha nyumbani, akarudi na heshima zake zote, lakini kucheka hakurudi nako. Ilipokuja barua ya Tabora alimsomea baba yake mwenyewe, neno kwa neno, akaikunja. Januari akasema, "Nitakupeleka mimi." Ndicho alichoweza kusema. Kilichobaki alikiweka kwa ajili ya safari.

Na sasa jua limeshatoka, safari haijaanza.

"Baba," Limi akasema.

"Ngoja! Sogeza hilo sanduku, lananizuia njia."

"Baba, angalia hapa."

Alikuwa amechutama kando ya injini, ananyoosha kidole kwenye kikombe kidogo cha kioo ambacho petroli hupitia kabla ya kuingia kwenye kabureta. Ndani yake palikuwa na chenga nyeupe zimejaa, zimeshikana.

"Samli imeganda," Limi akasema. "Haipiti."

Januari akainama. Akatazama. Jamani! Asubuhi nzima amemtukana dereva, amemtukana mwenye duka, ameilaumu plagi isiyo na hatia, na kumbe ni samli yake mwenyewe, imekaa pale imeganda kama ilivyoganda kwenye kibuyu cha mkewe.

"Nani alikwambia ni samli?" akanguruma.

"Mama anajua tangu Machi," Limi akasema. "Kibuyu kilikuwa kinashuka."

Bernadina hakungoja kuulizwa. Alikuwa ameshachukua sufuria la maji ya uji, yanatoa moshi, akayamwagia kitambaa, akakizungushia kwenye kikombe cha kioo na kwenye bomba, polepole, kama anavyoyeyusha samli ya mboga kila siku ya Mungu. Chenga zikalainika, zikapotea. "Piga sasa," akasema.

Januari akapiga pedeli. Kh-kh, pa! Pa-pa-pa-pa-pa! Moshi mweupe ukatanda kijijini kote, mbuzi wakakimbia, na kule kwenye shikome wazee wakashangilia kana kwamba ni wao waliosukuma. Limi akafunga sanduku kwenye keria, akamkumbatia mama yake, akapanda juu ya sanduku. Bernadina akalia, akacheka, akawasukuma. Wakaondoka.

Sasa hapo ndipo Januari alipokuwa akipangoja. Barabara nyeupe, mashamba matupu, hakuna jirani wala mke. Akakohoa. Akasema bila kugeuka:

"Limi, lile jambo la ng'ombe..."

"Unasemaje, baba?" Limi akapiga kelele nyuma yake.

"Nasema, lile jambo la ng'ombe!"

"Ng'ombe wako wapi?" Limi akageuka huku na huku kutafuta ng'ombe barabarani.

Loo! Injini ilikuwa inapiga kelele usoni kwake, upepo unampiga masikioni, tangi linatetemeka, na Limi yuko nyuma amejifunga kanga kichwani. Kupaza sauti aliweza. Lakini neno lile utalipazaje? Nani anaomba radhi kwa kupiga ukelele kama anafukuza nyani? Akajaribu mara moja zaidi: "Nasema siku ile nilikosa!"

"Umekosa nini? Tumesahau kitu?"

"Nasema shika vizuri!" akajibu, amekasirika, na hakujua amemkasirikia nani.

Akajipa moyo. Wakifika stesheni mapema patakuwa na nafasi, watakaa kwenye benchi, atazima dude hili, atasema. Saa mbili na robo walikuwa wameshakaribia Ngokolo, pembeni ya mji, zimebaki maili mbili tu. Walikuwa wanakwenda vizuri. Nasema vizuri kabisa.

Mbele yao barabarani walisimama kina mama wanne, na wa mbele, mwenye fimbo, alikuwa mama mkwe wake.

Bibi Mageni aliishi karibu na pale. Alijua mjukuu wake anapita siku hiyo, akatoka na wenzake kumsubiri tangu alfajiri. Na wewe kama ni wa kwetu unajua mambo ya mkwe. Mwanaume hampiti mama mkwe amekaa juu ya chombo. Hamtazami usoni. Anashuka, anaingia majanini, anageuza uso pembeni, anangoja mpaka mama wa watu amalize shughuli zake. Kumpulizia moshi mama mkwe, na kelele ile? Afadhali ulale njaa. Mtu mwingine, wa kabila jingine, angepunga mkono akapita. Januari aliinua wenzo, akazima injini ile aliyoihangaikia tangu alfajiri, akashuka, akaliegemeza tukutuku kwenye kichuguu, akaenda kusimama majanini amewapa mgongo wote, chombo na mkwe.

"Ng'wangaluka, mwizukulu wane," Bibi Mageni akamwamkia mjukuu wake kwa Kisukuma, anamkumbatia, na palepale akaanza kumbariki. Alimbariki kichwa, akambariki mikono itakayoshika wagonjwa, akamtemea mate ya baraka kifuani. Akataja marehemu wote wa ukoo mmoja mmoja, awape salamu ya msafiri. Wenzake wakaitikia. Kisha kila mmoja wao naye akawa na baraka yake. Januari kule majanini anahesabu pumzi, anang'ata ulimi, kumharakisha mkwe hakuwezekani. Na kwa kuwa amegeuza uso, hakuona kwamba aliacha koki ya petroli wazi, na petroli inateremka tone kwa tone, inajaa kwenye injini, inafurika, inanyesha mchangani.

Bibi Mageni alipomaliza akarudi nyuma na wenzake kwa heshima, Januari akatoka mbio. Akapiga pedeli. Injini ikasema fyu. Akapiga tena. Fyu.

"Imekunywa," akasema, akaona mchanga uliolowa. "Imekunywa, Mungu wangu! Imelewa!"

Akafungua plagi, inachuruzika. Akaikausha kwa shati. Akairudisha. Akapiga pedeli hatua hamsini, kifua kikamfunga, akashuka. Akafungua tena.

"Baba," Limi akasema, "nikimbie?"

"Ngoja kidogo. Inakaribia kuwaka."

Akangoja. Barabara ilikuwa kimya kabisa, kina mama wameshakwenda zao, hakuna injini, hakuna upepo. Limi amesimama pale hatua mbili kutoka kwake, anamtazama, mikono mitupu. Kama ilikuwepo nafasi ya kusema neno lolote duniani, ni ile. Na Januari ameinama kwenye plagi, anaipuliza, anaisemesha: "We mshenzi, we mwanaharamu, niwakie mara moja tu, mara moja!" Aliiambia plagi maneno mengi asubuhi ile. Ukiyapanga, yangetosha barua.

"Baba, treni."

Kwa mbali, upande wa Mwanza, ilisikika honi.

Januari akainua kichwa. Uso umejaa masizi, vidole vimeungua, jasho linamtoka na baridi ile. Akafungua mdomo. Kilichotoka ni hiki: "Kimbia!"

Limi alikwisha fungua kamba. Akajitwika sanduku kichwani, akavua viatu akavishika mkononi, akakimbia. Alikimbia kama alivyokimbia akienda kwa masista, mgongo umenyooka, hageuki. Januari alimfuata akisukuma tukutuku. Kila hatua mia akasimama. Pale penye nyumba za kwanza za Ngokolo akakaa chini kabisa, akashika kifua, akasikia treni inaingia stesheni, inatoa mvuke, inatulia. Akainuka. Akasukuma. Hakufika hata kwenye maduka akasikia honi ya pili, kisha magurudumu, kwanza polepole, kisha haraka, kisha hayakusikika tena.

Saa tatu na nusu alifika stesheni. Jukwaa lilikuwa tupu, wamebaki wapakiaji wawili juu ya magunia ya pamba na karani wa tiketi, jina lake Onesmo, anafagia maganda ya karanga mlangoni pake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Msichana. Sanduku la bati, gauni la bluu."

"Amepanda," Onesmo akasema upesi, maana alimwona hali yake. "Treni imeshaanza kutembea, tukamvuta mkono, sanduku likapitia dirishani. Amepanda, mzee, usiogope."

Januari akaegemea ukuta. Alishukuru Mungu, kweli alishukuru. Nafasi ya mtoto haikupotea. Akavuta pumzi mpaka zikamrudia.

"Alisema kitu?"

"Aliniuliza kama kuna mzee mwenye tukutuku amefika. Nikamwambia bado. Akasimama mlangoni anaangalia barabara, hata walipomwambia akae ndani hakukubali."

Januari aligeuka akaenda kwenye tukutuku lake, akalishika usukani, maana hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Jua lilikuwa limepanda, bati la stesheni limeanza kulia kwa joto. Akapanda. Akapiga pedeli mara mbili, bila nia, akagusa wenzo.

Pa-pa-pa-pa-pa-pa-pa!

Iliwaka papo hapo. Ikapiga sawasawa, tamu, bila kukohoa, kama injini ya siku ya kwanza. Wapakiaji wakageuka. Mmoja akasifu: "Aisee, mzee, chombo chako kizima!"

"Sasa!" Januari akapiga kelele. "Sasa ndiyo unawaka! Sasa! Sasa!" Akalipiga tangi ngumi, akalipiga tena, na machozi yakamtoka pale mbele za watu, mtu wa miaka hamsini, mchimba miamba wa Geita, wala hakuyafuta. Alikuwa na hasira na samli, na mkwe, na baridi, na fundi wa Kizungu, lakini zaidi alikuwa na hasira na mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwa mwanawe barabara ikiwa kimya, akapuliza plagi.

Onesmo akaweka ufagio chini. Akamsogelea, akainamia sikio lake, akapaza sauti:

"Mzee, kama kuna neno umesahau kumwambia, mfuko wa barua unaondoka kesho asubuhi! Nikuandikie?"

Januari alimtazama. Barua zake aliziandika Limi, na maneno kama yale hayapitishwi mdomoni kwa mtu usiyemjua, kijana wa watu, wapakiaji wametega masikio. Alikuwa amelitafutia neno lile mahali pa siri mwaka mzima na nusu. Akatazama reli. Akasema kitu.

Onesmo akaonyesha sikio. "Zima kwanza! Sikusikii!"

Januari akanyoosha mkono, akaizima injini. Kukawa kimya pale stesheni. Onesmo akaingia ndani, akatoka na karatasi na kalamu, akakaa kwenye benchi, karatasi juu ya goti.

"Haya, mzee. Sema."

"Andika: Limi. Mimi baba yako." Wapakiaji walikuwa wameacha kazi. "Siku ile niliposema mbele ya watu kwamba sina mtoto wa jina hilo, nilisema uongo. Ng'ombe niliwapenda, wewe nikakutupa. Hukukosa kitu. Nilikosa mimi. Nisamehe."

Kalamu ikasimama. Onesmo hakuinua uso.

"Niandike hivyohivyo, mzee?"

"Hivyohivyo."

Akaandika. Iliandikwa mistari michache tu, haikujaza hata nusu ya karatasi.

"Halafu?"

Januari akafikiri.

"Halafu muulize kama amefika salama."